Simu ya Bibi

Noah tuliyopanda Mombo ilichemsha kabla hatujafika Soni. Dereva alikuwa ametutoza elfu tano kila mmoja, akatubananisha wanne kwenye kiti cha watatu, na nilipodai nauli yangu akasema hela imeshaingia kwenye mafuta. Kiuno kilikuwa kimeshakwisha kwa basi la kutoka Dar. Tukakaa juu ya jiwe, mimi na shangazi, dereva akaenda kutafuta maji.

Hapo shangazi akanionyesha nguzo iliyoinama kwenye mteremko. Juu vimebaki vikombe viwili vyeupe vya kauri, waya hakuna.

"Nguzo kama hizi ndizo zilizoleta simu kwetu."

Kwamba babu alikuwa na duka na simu nilijua. Kazi ya bibi ndiyo sikuwahi kusimuliwa.

Ilikuwa simu ya kuzungusha, sanduku la mbao ukutani lenye betri zake. Unazungusha, opereta wa Lushoto anaitika, unamtajia unayemtaka. Dar ilikuwa trunki: unaagiza asubuhi, pengine unaipata jioni, na malipo ni kwa dakika tatu tatu. Laini moja ilikuwa ya nyumba kadhaa, kila nyumba na mlio wake. Wa kwetu mmoja mrefu, mifupi miwili. Sauti ikififia ghafla, ujue kuna jirani kanyanyua mkonga anasikiliza. Bibi alikuwa anamjua ni nani. Anamwambia, "Mama, weka chini," na sauti inarudi.

Simu za kijiji kizima zilipokelewa pale. Za biashara aliandika babu kwenye daftari la duka. Za msiba alipokea bibi peke yake, na shangazi, wakati huo mtoto wa darasa la nne au la tano, ndiye aliyetumwa.

"Nasema tu, 'Mama anakuita, uje na mkeo.' Basi. Nilikuwa nakimbia huku nalia, nikikaribia nyumba ya watu nasimama nyuma ya migomba, najifuta uso kwa gauni, ndipo nabisha hodi."

Mfiwa akiwa njiani, bibi ameshaita wazee wawili na ndugu wa karibu, chai iko motoni. Mtu hakuambiwa habari ya kifo akiwa amesimama mlangoni, wala akiwa peke yake.

Mimi kifo cha baba mdogo nilikiona kwenye kundi la familia, nikiwa daladalani Ubungo, picha yake na mishumaa. Mwanawe wa kumzaa aliiona palepale, kazini, kati ya wateja. Nilikuwa sijamweleza mtu jinsi jambo lile lilivyoniuma. Pale kwenye jiwe nilimweleza shangazi, akanishika mkono mpaka gari likawaka.

Tulifika usiku. Arobaini ya baba mdogo ilisomwa kesho yake, watu wakala, wakaondoka. Waliobaki ni wa nyumbani, nikaomba kusema: msiba ukitokea, usiandikwe kundini kabla wenyewe hawajafikiwa. Vijana wakasema wa mbali watachelewa kupata habari. Shangazi akawajibu, "Bibi yenu alichelewesha nusu saa, na sikumbuki aliyekosa maziko."

Tukakubaliana kwamba kwanza apigiwe shangazi, kisha yeye ndiye apange nani aende kwa nani. Namba yake iliandikwa ukutani, kando ya mlango wa jikoni, ili hata watoto waijue.