Jinsi nilivyoandaa mihadhara ya mambo ya nje kwa viongozi wa Kigoma

Mhadhara wa kwanza niliouandaa, Aprili 2024, ulikwisha bila swali hata moja. Ukumbini walikuwepo madiwani, watendaji wa kata, masheikh na wachungaji, na wenyeviti wachache wa vikundi vya wavuvi, watu ambao kuongea ndiyo kazi yao. Mwenyekiti aliomba maswali mara mbili. Kimya. Wakanywa chai, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakaondoka.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi wa uhusiano wa kimataifa, na chuo kilinikabidhi jukumu la kuanzisha mihadhara hiyo kwa viongozi wa mkoa. Nilimleta msomi hodari kutoka Dar es Salaam, akazungumza saa moja na nusu kuhusu ushindani wa Marekani na China. Alichosema kilikuwa sahihi. Lakini Mei 15, wiki chache tu baadaye, Ziwa Tanganyika lilifungwa lisivuliwe hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Asubuhi nzima tulikuwa tumekaa na viongozi wa watu wanaokula na kusomesha watoto kwa ziwa hilo, na hatukulitaja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Miezi ile 3 nilishinda mialoni, Kibirizi na Katonga, nikiwa na daftari. Sikwenda kueleza kitu. Niliuliza tu: ukikutana na waziri wa mambo ya nje utamuuliza nini? Mama mmoja muuza dagaa alinijibu kabla sijamaliza: "Nimuulize nani katufungia ziwa, na kama Wakongo nao wamefunga." Mvuvi mmoja akataka kujua mpaka wa majini unaonekanaje usiku, maana upepo ukikusukuma ng'ambo unakamatwa kama mwizi. Diwani mmoja alisema Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini wafanyabiashara wa kata yake bado wanalia na makaratasi yaleyale. Daftari lilipojaa nikajua mada zimepatikana.

Katonga ndiko nilikojua pia kwa nini wavuvi walikuwa wachache Aprili. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Sisi tuliwaita saa 3 asubuhi katikati ya siku za giza, mwezi ukiwa hauonekani, wakati watu wametoka majini alfajiri na hawajalala. "Mwalimu," aliniambia mwenyekiti mmoja, "ukitutaka, tuite mbalamwezi." Tangu siku hiyo sipangi tarehe bila kuangalia mwezi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa lugha. Wazungumzaji wetu wote ni Waswahili, lakini wakipanda jukwaani maneno yanawakimbia. Nikawaomba waniletee hotuba mapema, tukae pamoja tuipitie sentensi kwa sentensi. Neno "itifaki" lilitusumbua sana, kwa sababu kwa diwani itifaki ni nani akae wapi na nani asalimie kwanza, siyo hati ya makubaliano ya nchi. Halafu "kuridhia". Mkataba ukishasainiwa wengi hudhani umekwisha, kumbe kwetu, kwa Ibara ya 63 ya Katiba, mkataba unaohitaji kuridhiwa hupelekwa kwanza bungeni. Mzungumzaji wetu wa pili, mwanasheria, alilipatia maelezo ambayo sijasikia bora zaidi: kutia saini ni kupeleka posa, kuridhia ni kufunga ndoa. Ukumbi mzima ukaitikia.

Mhadhara huo wa pili tuliufanya Septemba, mbalamwezi. Salamu za itifaki tulizifupisha kwa kukubaliana na ofisi ya mkoa tangu mwanzo kwamba atasalimia mmoja kwa niaba ya wote. Kwenye barua za mwaliko tuliandika wazi kuwa kuna nauli tu, hakuna posho. Waliokuja walikuja wakijua. Badala ya kumulika picha ukutani tulitandika turubai sakafuni, tumechora ziwa na nchi zake 4, watu wakasimama kulizunguka. Mwanasheria alianza na swali la yule mama. Akaeleza mkataba wa ziwa uliosainiwa Dar es Salaam Juni 2003, akaeleza Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, na kwa nini nchi moja ikifunga peke yake haisaidii kitu: samaki hana pasipoti.

Ndipo mzee mmoja akanyoosha fimbo akaigusa Kigoma kwenye turubai. "Mwanangu, hujasema Belbezi."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Belbezi ni maeneo ya bandari hapa Kigoma na Dar es Salaam ambayo mwaka 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji, milele, kwa faranga 1 kwa mwaka, mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipate njia ya baharini. Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba mtawala aliyekabidhiwa nchi kwa muda hana uwezo wa kuigawa milele. Msimamo wake kuhusu mikataba ya wakoloni husomwa katika vitivo vya sheria duniani kote. Mimi niliusoma darasani, nikaufanyia mtihani, na hakuna aliyewahi kuniambia niende Kigoma nikaitazame ile gati. Mzee alisema kwa nusu saa. Mwanasheria alikaa chini akaandika.

Tulimaliza saa 9 alasiri badala ya saa 6, na chakula kilikuwa kimepoa. Mama wa dagaa, ambaye safari hii nilimwalika kwa barua kama wengine, alinifuata mlangoni. Anataka mhadhara ujao uwe wa pesa: faranga ya Burundi, faranga ya Kongo, shilingi, na nani anapanga bei ya kuzibadilisha pale Kibirizi. Nimeshampata mchumi mmoja. Mbalamwezi ijayo bado siku 19, na hotuba yake ndiyo kwanza tumefika ukurasa wa tatu.