Paka shume alivyoacha kuwatesa paka wangu

Kila niliyemweleza shida yangu alinijibu kwa moja kati ya mawili: mmwagie maji ya moto, au mwekee sumu ya panya kwenye kichwa cha samaki. Nilikasirika wakati ule na bado nina hasira. Sumu haijui yupi shume na yupi paka wa nyumbani. Kichwa kile kikiachwa uani, wa kwanza kukinusa angekuwa Kashata wangu.

Nakaa Ngamiani, Tanga, nyumba ya vyumba sita tunaochangia ua. Nina paka wawili, Kashata na mwanawe Tende. Chumba cha mwisho walikaa wapangaji waliokuwa na paka dume. Walipohama walibeba kila kitu hadi kamba ya kuanikia nguo, paka wakamwacha mlangoni. Siku tatu alikaa pale akilia afunguliwe. Kisha akanyamaza, akahamia jalalani, na miezi michache baadaye akawa shume hasa: kichwa kikubwa, masikio yamechanika, manyoya ya mgongoni yameshikana kwa uchafu. Nilimwona akidhoofika nikajisemea si wangu. Mungu anisamehe.

Njaa ndiyo iliyomleta kwangu. Alipita dirisha la jikoni usiku, akala cha paka wangu, akanyunyiza mkojo kwenye gunia la mkaa, kwenye miimo ya mlango, mpaka siku moja kwenye mkeka wangu wa kuswalia. Harufu ya mkojo wa dume haitoki kwa maji matupu. Kisha akamng'ata Tende shavuni. Jino la paka ni jembamba kama sindano: tundu lilijifunga juu, usaha ukabaki chini, na siku ya tatu uso wa Tende ulikuwa umevimba upande mmoja. Mama mmoja alinishauri nimpe nusu kidonge cha parasetamoli kushusha homa. Nashukuru sikumsikiliza. Dawa hiyo ni sumu kwa paka, hata kidogo tu huua. Daktari wa mifugo alilipasua jipu, akamchoma sindano, nikatoa kama elfu ishirini hivi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nilimwomba kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu anisaidie kumkamata shume tukamtupe soko la samaki la Deep Sea. Nilijiridhisha kwamba kule atashiba. Tulimvizia kwa dagaa, kijana akamfunika kwa kiroba, na yule paka akapigana kama anayechinjwa. Kabla hatujafunga mdomo wa kiroba alishamng'ata kijana kwenye kidole gumba. Tukaenda hivyo hivyo, yeye anatoka damu, mimi nimekumbatia kiroba kinacholia mapajani. Tulipokifungua, paka alitimka chini ya mitumbwi bila kugeuka.

Kidole hatukukidharau. Nilikiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha moja kwa moja hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye huambukiza kichaa na huyu hakuwa na chanjo yoyote. Sindano zile na nauli za kurudi kwa kila dozi nililipa mimi, nazo zilinigharimu kuliko kitu kingine chochote katika habari hii.

Siku nne tulilala kwa amani. Ya tano, baada ya adhana ya alfajiri, nikafungua mlango niende bombani. Alikuwa amekaa ngazini. Amekonda mbavu zinahesabika, wayo mmoja unavuja damu. Hakukimbia. Alinitazama tu. Bibi wa chumba cha pili alitoka, akanikumbusha ile hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Nilikaa ngazini nikalia.

Siku hiyo nilirudi kwa daktari kwa lengo jingine. Aliniuliza swali moja: huyu paka analishwa na nani? Nikasema hakuna. Akanieleza kwamba dume asiyehasiwa anapigania chakula na majike, na mpaka nitakapoyashughulikia yote mawili ataendelea kurudi. Na hata nikimwondoa, dume mwingine atashika nafasi yake.

Nikaanza na tumbo. Kila siku baada ya Magharibi niliwafungia paka wangu ndani, nikamwekea shume chakula kwenye jiwe la kufulia kule mwisho wa ua, mbali na mlango wangu. Ugali laini uliokorogwa na supu ya dagaa, au vichwa vya samaki nilivyopewa sokoni kwa mia tano. Kitunguu sikutia, kinaharibu damu ya paka. Wiki ya kwanza haikwisha akaacha kuingia jikoni.

Sasa kumkamata, na hapa najisifu. Kiroba asingekikubali tena. Nikachukua tenga la kuku, nikalilaza karibu na jiwe mlango ukiwa wazi, bakuli likakaa nje yake. Kila jioni nililisogeza shubiri moja ndani. Kuna siku aligoma, nikarudisha nyuma shubiri mbili bila kumlazimisha. Mlango niliufunga kamba ya katani iliyofika mpaka chumbani kwangu. Siku ya kumi na mbili alikuwa anakula ndani kabisa, mkia umetulia. Nikavuta. Papo hapo nikafunika tenga kwa kanga mbili, kwa kuwa paka akiwa gizani hutulia. Hakukwaruzwa mtu.

Alilala bila chakula kama daktari alivyoagiza. Asubuhi tulikwenda kwa bajaji. Kumhasi hakukuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alichanjwa kichaa, akakatwa ncha ya sikio la kushoto akiwa bado amelala, ili kila amwonaye ajue ameshahasiwa. Elfu thelathini na kitu. Wapangaji wenzangu wawili walichangia. Waliosema ni dhambi kumhasi hawakutoa hata senti, na hao ndio waliokuwa na sumu mkononi.

Mwenye nyumba aliniruhusu nimlaze siku mbili kwenye kile chumba cha mwisho, kilikuwa bado kitupu. Aliingia, akanusa pembe zote, akaenda kulala chini ya dirisha. Sikuweza kumtazama sana.

Hakubadilika palepale. Nguvu za dume hupungua taratibu, na alininyunyizia mlango mara tatu zaidi. Niliuosha kwa sabuni ya unga, halafu siki. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kama Jik, usitumie, ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaochoma kifua. Kufikia wiki ya sita ikaisha. Shavu la Tende limeota manyoya tena, na Kashata anapita mbele ya jiwe la kufulia shume akiwa juu yake, kila mmoja na lake.

Tenga liko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wameliazima na kamba yake, nimewaambia waanze na bakuli likiwa nje.