Taa ya T-BELT

“Baba, hii taa ni ya nini?” Nilikuwa nimefungua swichi tu, dashibodi yote inawaka, na binti yangu anaelekeza kidole moja baada ya nyingine. Nikamtajia: oili, betri, breki. Aliponyamaza yeye, mimi kimawazo nikawa nimeshafika Iringa, enzi za gari la mzee wangu.

Mzee alikuwa na Toyota Hilux. Dizeli, injini aina ya 3L, kilomita zimeshavuka laki tatu. Kwenye Toyota za namna ile, taa ya T-BELT huwaka kila zikitimia kilomita laki moja, kukukumbusha kubadili mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio bila kugongana. Ya kwetu haikuwahi kuwaka tangu tuinunue, na mzee alihesabu hiyo kuwa ni afya njema.

Tuliingia gereji kwa sababu mshale wa spidi umekwama. Kesho yake tushuke mlima Kitonga na viazi, kwenda Dar. Fundi akachomoa dashi, akaigeuza, akacheka peke yake. Tundu la balbu ya T-BELT lilikuwa wazi. Kuna mtu aliichomoa zamani, akauza gari.

Basi akafungua kava la mbele. Mkanda kwa nje ulikuwa mweusi tu, wa kawaida. Akaukunja kwa vidole viwili, mgongo ukatanuka, na nyufa zikajitokeza moja moja, nyembamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Halafu akaizungusha beringi ya tensiona, ile inayokaza mkanda, karibu na sikio la mzee. Ilisaga kama ina mchanga.

“Lakini gari si linawaka?”

“Linawaka, mzee wangu. Ila mkanda hautoi taarifa. Ukikatika mwendoni, pistoni zinagonga valvu, na hapo hatuongelei mkanda tena.”

Mzee akakubali mkanda, akakubali beringi. Kwenye sili ya krenki, ile inayozuia oili isivuje, akagoma. Fundi akamwambia ufundi ni uleule, kazi imeshafunguliwa, kwa nini tuje kufungua tena? “Inavuja?” Haivuji. “Basi iache.” Na kusema kweli haikuvuja mpaka gari linauzwa, kwa hiyo mpaka leo sijui nimshike nani mkono.

Ule mkanda wa zamani mzee aliuchukua, anafungia mlango wa banda la kuku. Kila nikienda nyumbani lazima auvute mbele yangu: “Unaona? Huu ungefika Dar.”