Robo ya sukari kwenye chupa moja ya chai: kumbukumbu ya mradi wangu wa kupunguza sukari na wanga

Januari

Nina duka la rejareja Ngamiani, Tanga. Nauza unga, mchele, sukari, mafuta, soda za baridi na mazagazaga mengine, kwa hiyo mizani ninayo na daftari ninalo. Mradi huu umeanzia kwenye karatasi ya majibu ya maabara. Sukari ya asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni ilikuwa 6.3 (milimoli kwa lita ya damu), na kile kipimo kinachosoma wastani wa miezi miwili mitatu kikatoa asilimia 6.1. Daktari akasema kisukari chenyewe kinahesabiwa kuanzia 7.0 kwa kipimo cha asubuhi na 6.5 kwa hicho kingine, kwa hiyo sijaingia ndani ila nimeshapiga hodi. Dawa hakuniandikia. Alinipa muda nibadilishe chakula, kisha nirudi.

Hicho kipimo cha pili nakipenda kwa sababu hakidanganyiki. Sukari ya kwenye damu hunata kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kama siku 120 hivi. Ukilala na njaa usiku mmoja ili kesho upate majibu mazuri, kile cha asubuhi utakilaghai, hiki huwezi.

Kazi ya kwanza nikaifanya kuwa kupima tunachokula, kabla ya kupunguza chochote. Nyumbani chai inachemshwa sufuria nzima, sukari inamiminwa humohumo, halafu inaingia kwenye chupa. Mama watoto hatumii kijiko, anapima kwa jicho. Nikamwomba amimine vilevile anavyomimina siku zote, ila kwanza ndani ya kibakuli kilicho juu ya mizani. Ilitoka gramu 240 na ushee, yaani karibu ile robo ninayowafungia wateja. Tuko watano. Kila mtu anakunywa gramu kama 48, na hapo kitumbua hakijaguswa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Ikishuka hadi 25, yaani vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Sisi kibali cha siku nzima tulikuwa tunakimaliza kabla ya saa mbili asubuhi. Soda moja ya kola ya mililita 350, ambazo nauza kreti kwa kreti, ina gramu 37 hivi.

Jambo lililonishangaza ni kahawa. Kila jioni barazani nakunywa kahawa chungu, vikombe viwili vitatu, bila chembe ya sukari, na sijawahi kulalamika. (Kashata ya pembeni tuiache kwanza.) Ulimi uleule asubuhi ukipewa chai isiyo na sukari unasusa. Kwa hiyo suala la "mimi siwezi kitu kichungu" likafa palepale.

Tuliitoa sukari sufuriani, tukaiweka mezani kwenye kopo, kila mtu ajitilie. Mama watoto hakufurahi.

"Baba watoto, mgeni akija akakuta chai haina sukari atasema tumefilisika. Na wewe ndiye muuza sukari."

Nikamwambia kopo lipo mezani, mgeni atajitilia apendavyo. Akaguna, lakini akakubali. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na bei ikapaa, nyumba nzima ilikunywa chai ya sukari kidogo na hakuna aliyezimia. Bei iliposhuka, vijiko vikarudi. Safari hii nilishuka taratibu: nusu kijiko, nikizoea napunguza tena. Tangawizi, iliki na mchaichai vinasaidia sana, na chai ya maziwa inasaidia zaidi, kwa kuwa maziwa yenyewe yana utamu wake, kama gramu tano za sukari kwa kila mililita mia.

Februari

Sukari ilikuwa rahisi. Wanga ndio mradi wenyewe.

Wateja wangu wengi wanaamini dona ni dawa. "Nipe dona, nina sukari," mtu anakwambia, kisha nyumbani anapiga bonge lilelile la ugali, pengine kubwa zaidi kwa sababu ni "la afya". Dona ni bora kuliko sembe, sibishi. Haijakobolewa, ina pumba na kiini cha punje, kwa hiyo ina nyuzinyuzi, mafuta kidogo na vitamini ambazo sembe imeziacha mashineni. (Ndiyo sababu dona haikai sana dukani, yale mafuta ya kiini yanachacha.) Lakini ukija kwenye wanga, tofauti ni ndogo: katika gramu 100 za unga mkavu, zote mbili zinacheza kwenye sabini na kitu. Asali nayo iko kwenye kundi hilohilo la matumaini. Karibu asilimia 80 yake ni sukari.

Nikanunua mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake. Vijiti ni ghali kuliko mashine, mtu asikudanganye. Nachoma pembeni mwa kidole, si kwenye ncha katikati, maana pembeni hapaumi sana. Kabla ya hapo nanawa kwa sabuni na kukausha, kwa sababu mkono uliotoka kumenya chungwa unatoa namba ya uongo, na msimu wa machungwa ya Muheza hapa kila mtu mikono inanata.

Namba zilizo kwenye daftari, saa moja baada ya tonge la kwanza:

Ugali wa sembe kama nilivyozoea, mchuzi wa samaki kidogo, mchicha wa kuonjea: 9.9.
Ugali wa dona, ukubwa uleule, mboga ileile: 9.4.
Ugali wa dona nusu yake, nikianza kwa kumaliza kisamvu na samaki, ugali mwisho: 7.6.

Ni mwili wangu tu, na wako unaweza kusema mengine. Ila hiyo ya tatu niliirudia kwa wali nikaona mwelekeo uleule. Mboga za majani, samaki na tui vikitangulia tumboni, chakula kinashuka kwenye utumbo polepole, na sukari inaingia kwenye damu kidogo kidogo. Sasa nyumbani mimi ndiye mtu wa ajabu anayekula mboga kavu kwanza wakati wenzake wanamega.

Hapo sahani yangu ikageuka. Zamani ilikuwa ugali umejaa na mboga imejibana pembeni. Sasa nusu ya sahani ni majani, robo ni samaki au dagaa au kunde, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Kuiandika hivi ni rahisi. Taabu iko kwenye mfuko. Kilo moja ya sembe inalisha watu watano na kiporo kinabaki, ilhali samaki wa kulisha watano ni hesabu nyingine kabisa. Watu wa mtandaoni wanapika keki kwa unga wa lozi na wali wa koliflawa, na mimi mwenye duka sina hata mmoja aliyewahi kuniulizia vitu hivyo. Nilichokipata ni hiki: dagaa wa kukaanga na nyanya chungu, mayai, kunde, choroko, matembele, mchicha, na kabichi. Kabichi ndiyo iliyoniokoa. Naikata nyembamba sana, naikaanga haraka na kitunguu na bizari isilainike, kisha namimina mchuzi wa samaki wa nazi juu yake mahali pa wali. Wali uliopikwa una gramu 28 hivi za wanga katika kila 100, kabichi haifiki saba. Mtoto wangu mkubwa alionja akasema ni tamu lakini "hii siyo chakula, hii ni mboga." Sikuwa na jibu la haraka.

Watoto sikuwapunguzia wanga. Wanakua, wanakimbia kutwa, wali wao wanaumaliza kabla ya alasiri. Nimewapunguzia sukari na soda, basi.

Asubuhi ilikuwa na jibu lake tangu zamani: mbaazi za nazi. Nazila bakuli zima bila maandazi. Mbaazi zina wanga, ndiyo, lakini umefungamana na nyuzinyuzi na protini, na mashine haikupiga kelele. Hadi saa saba mchana sina njaa.

Siku za mwanzo kichwa kiliuma na miguu ikawa mizito. Ukipunguza wanga, insulini (homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu) inashuka na figo zinatoa chumvi na maji kwa wingi. Mchuzi wenye chumvi na maji ya kutosha vikaniweka sawa. Hata zile kilo zinazoporomoka haraka mwanzoni usizitangaze: mwili huhifadhi wanga pamoja na maji, gramu moja kwa takriban gramu tatu za maji, na akiba ikiisha maji yanaondoka nayo. Choo kikiwa kigumu, mlenda na bamia.

Neno moja kwa wanaotumia dawa. Jirani yangu anachoma insulini, na alitaka tufanye wote. Nilimkatalia hadi aongee na daktari wake. Mtu wa insulini au wa vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, akipunguza wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka akaanguka.

Ramadhani

Hapa niliogopa zaidi. Futari ya pwani ni mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, tambi za sukari, kaimati zinazoelea kwenye shira, na uji wa kusindikizia. Vyote wanga, na vyote vitamu, na kila jirani analeta sahani yake. Kukataa sahani ya jirani Ramadhani ni kutafuta ugomvi.

Nilichofanya: tende tatu na maji, kama desturi. Tende tatu za wastani hazifiki gramu 20 za sukari, sikuona sababu ya kuzigombeza. Kisha supu ya samaki, kisha swala. Nikirudi, kipande kimoja cha muhogo au gimbi, si vyote viwili, na samaki. Uji nikaunywa wa pilipili manga bila sukari. Kaimati nilikula mbili tatu kwa wiki, na za mama mkwe nilikula zote alizonipa, kwa sababu zangu binafsi.

Daku ikawa mayai, kunde na parachichi. Niliona tofauti kubwa: miaka iliyopita nilikuwa nikila wali mwingi usiku, ikifika saa tano asubuhi natetemeka dukani. Safari hii nilifika magharibi nimetulia.

Siku ya Idi nilikula pilau. Sikupima.

Aprili

Kanzu ya Idi ilinipwaya na maneno yakaanza. Kwetu mtu akipungua haulizwi siri ya mafanikio. Mama yangu alinishika mkono akaukagua kama anapima kitambaa. "Mwanangu, unaumwa? Niambie mimi." Mteja mmoja akamnong'oneza mwenzake mbele yangu. Nilimwonyesha mama daftari, namba zote, akatazama kurasa akasema haya, lakini uso usizidi kukonda. Nikaongeza karanga na tui.

Nilikagua pia bidhaa za dukani kwangu kwa maandishi ya nyuma ya paketi. Mtindi wa ladha ya stroberi una sukari ya kuongezwa, mtindi wa kawaida hauna. Tomato sosi, kijiko kimoja cha mezani kina karibu gramu nne za sukari, na watoto huwa wanaimimina juu ya chipsi hadi zipotee. Juisi za boksi nyingine hazitofautiani na soda. Hata ya kukamua mwenyewe: glasi inameza machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi unazitupa. Chungwa lenyewe nakula moja, na maganda yake meupe ya ndani.

Juni

Jaribio la kiporo. Nilisikia kwamba wali ukipoa baada ya kupikwa, sehemu ya wanga wake inajipanga upya na inakuwa ngumu kumeng'enywa, hata ukiupasha tena. Nilipika mchele wetu wa kawaida, nikapima nikiula wa moto, kesho yake nikala kiasi kilekile kilicholala kwenye friji na kupashwa. 9.2 dhidi ya 8.6. Kuna kitu, lakini ni kidogo, na kula mboga kwanza kunashinda mbali. Wali ulale kwenye friji, siyo juu ya jiko hadi asubuhi. Wali uliokaa nje usiku kucha unaweza kukupa sumu ya tumbo, na kuupasha hakuiondoi.

Majibu mapya ya maabara: asubuhi 5.5, wastani 5.7. Daktari alisema niendelee na nirudi mwisho wa mwaka. Chai ya nyumbani sasa inakula chini ya gramu 90 za sukari kwa chupa, na mama watoto, aliyesema tumefilisika, ndiye anayetia kidogo kuliko wote.

Kinachofuata kwenye daftari ni chapati moja nikiila baada ya maharage, halafu gimbi la nazi. Vijiti nimeagiza, namba nitaziandika hapahapa.