Nilivyoigeuza pikapu yangu ndogo kuwa tipa

Karibu kila fundi niliyemwendea alinipa ushauri uleule, kana kwamba walikuwa wameukariri pamoja: nunua silinda ya haidroliki (mtungi wa chuma wenye fimbo inayosukumwa nje na mafuta ya pampu) yenye nguvu zaidi. Naandika haya kwa kuwa ushauri huo ulikaribia kuniharibia chesisi, yaani fremu ya gari, na kwa kuwa bodi yangu, sehemu ya kubebea mzigo, leo inainuliwa na silinda ndogo ambayo wao waliidharau.

Katika pikapu ndogo nafasi iliyopo kati ya chesisi na sakafu ya bodi ni finyu mno, hivyo silinda hulazimika kulala. Silinda ya tani 5 iliyoelekezwa juu kwa nyuzi 10 tu hubakiwa na chini ya tani 1 ya kuinulia, na nguvu iliyosalia huishia kuzisukuma bawaba za nyuma. Hayo sikuambiwa na yeyote. Fundi aliyejiamini kuliko wote alifunga silinda kubwa, akakusanya watazamaji, akabonyeza swichi. Pampu ilinguruma, taa za gari zikafifia, pini za bawaba zikaanza kupinda, na chuma alichokichomelea ili kishike kitako cha silinda kikajikunja polepole mbele ya macho yetu, ilhali bodi yenye mchanga haikupanda hata upana wa kidole. Baada ya kulitazama gari kwa muda mrefu, alipendekeza tutafute silinda kubwa zaidi.

Nililiondoa gari kwake, nikakata maboksi. Nilichora chesisi na bodi kwa vipimo vyake halisi, nikabandika vipande ukutani kwa misumari ili vizunguke, kisha nikawa nahamisha misumari jioni baada ya jioni hadi watu wa nyumbani walipoanza kuniangalia kwa huruma. Ndipo nilipolipata bamba la pembetatu. Kona moja inashikwa na pini kwenye chesisi. Kona ya chini inasukumwa kuelekea mbele na silinda iliyolala. Kona ya tatu, yenye kigurudumu cha chuma kinachotembea chini ya sakafu ya bodi, inapanda moja kwa moja. Kwa mpangilio huo silinda huanza kazi ikiwa na pembe nzuri pale hasa mzigo unapokuwa mzito zaidi. Nilitengeneza mabamba mawili na kuyaunganisha kwa bomba nene, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kinachogusa propela shafti (mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma) wala eksozi. Ubunifu huo wa maboksi haukunigharimu chochote, ilhali pampu na silinda vilimeza zaidi ya nusu ya fedha zote.

Bodi sasa inafika nyuzi 40 na kidogo, kiasi kinachotosha kabisa kwa mchanga mkavu, ingawa udongo wa mfinyanzi uliolowa bado unahitaji koleo. Kwenye chesisi nilitumia boliti, nikiepuka kutoboa kingo zake za juu na za chini, kwa maana hizo ndizo zinazobeba mkazo mkubwa. Pale palipohitaji kuchomelewa, nilitenganisha betri kwanza. Mota ya pampu ya volti 12 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100 ikiwa na mzigo, kwa hiyo waya wake uwe mnene kama wa stata, mota ya kuwashia injini, na fyuzi ikae karibu na betri; waya mwembamba niliouziwa mwanzoni kwa maneno matamu nimeutumia kwenye taa.

Niliongeza mhimili wa chuma wa kuizuia bodi isishuke, na siingii chini yake kabla ya kuusimamisha, hata kama pampu imezimwa, kwani mpira wa mafuta ukipasuka bodi hushuka bila taarifa. Tena simwagi mzigo gari likiwa limeinama upande mmoja, maana bodi iliyopanda huinua uzito wote juu na gari jepesi hupinduka upesi. Mlango wa nyuma niliuhamishia bawaba juu, ukawa unafunguka chini wenyewe mzigo unapousukuma, ili mradi komeo limefunguliwa kabla ya kubonyeza swichi.