Wageni wa Mlimani: walimu wa nje waliopita UDSM na vituko vyao

Kila chuo siku hizi kikitaka kujitangaza kinaweka picha ya mzungu mmoja na mhindi mmoja wamesimama mbele ya jengo jipya, chini imeandikwa walimu wetu wa kimataifa, basi mzazi akiona hivyo anajua ada yake haijapotea. Mi sina ugomvi na hilo. Ila kwa sisi tuliopita Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), hii habari ya walimu wa nje ni ndefu na ina mambo, na naona wadogo zangu wanaoingia first year wanakatiza pale Nkrumah Hall kila siku wakiwahi siti kwenye kumbi za lekcha za Yombo bila kujua ni nani aliwahi kusimama mle ndani akaongea mpaka serikali ikamjibu kwenye gazeti. Kwahiyo leo nawatambulisha. Sio wote, hao hata wiki haitoshi, nawachukua ninaowapenda na wengine wachache ambao huwezi kuwaruka.

Tuanzie mwanzo kabisa. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, uhuru wenyewe ulikuwa bado (Desemba ile), kikiwa chuo kishiriki cha University of London, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi 14, na madarasa yalikuwa kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kule mlimani tulihamia 1964. Kati ya hao 14 mwanamke mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadae akaja kuwa waziri wa sheria. Mkuu wa chuo wa kwanza alikuwa Mkanada, Cranford Pratt, na walimu karibu wote wageni, maana ungewatoa wapi wengine, nchi yenyewe wanasheria Waafrika walikuwa wa kutafuta kwa tochi. 1963 tukaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa University of East Africa, ndo maana utasikia wazee wa Uganda na Kenya wanaitaja Dar kama chuo chao, halafu 1 Julai 1970 kila mtu akashika njia yake na sisi tukawa UDSM kamili.

Sasa hapa ndo kwenye kitu ninachotaka kukisema. Ukiwaangalia wale walimu wa nje waliofanya Mlimani iitwe Mlimani, wengi wao hawakuja kwa sababu tuliwapa mshahara mnono. Walikuja kwa sababu walikuwa wamefukuzwa sehemu nyingine. Yani serikali fulani inamchoka mtu, inampandisha ndege, sisi tunampokea, na Jumatatu yuko darasani. Faida tuliyoipata kwa ukorofi wa serikali za wenzetu ni kubwa sana na sidhani kama tulishawahi kuwashukuru hahaha.

Mchukue Terence Ranger. Mwingereza, alikuwa anafundisha chuo cha Rhodesia, Salisbury (Harare ya leo), akawa anashiriki kupinga ubaguzi, 1963 wakamfukuza. Akaja Dar akawa profesa wa kwanza wa historia. Enzi hizo huko Ulaya bado kuna maprofesa wazima na akili zao wanasema Afrika haina historia, kilichopo ni historia ya wazungu wakiwa Afrika, sasa Ranger na wenzake wakakaa hapa wakaandika na kufundisha kinyume cha hayo mpaka watu wakaanza kuongelea "Dar es Salaam School" kama vile unavyosikia timu ya mpira ina staili yake. 1965 wakaitisha mkutano mkubwa wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika hapahapa Dar. Alikaa mpaka 1969, akaenda Marekani.

Kwenye idara hiyohiyo alikuwepo John Iliffe, Mwingereza mwingine, na huyu naomba nikae nae kidogo kwasababu kazi yake inanigusa. 1968 kulifanyika mradi wa utafiti wa Maji Maji, na namna walivyoufanya ni kwamba wanafunzi wa idara waliporudi likizo walipewa maswali wakawahoji wazee wa maeneo yao, kusini huko, Umatumbi, Ungoni, Uluguru, wazee ambao vita ya 1905 waliiona kwa macho yao au waliisikia kwa baba zao. Fikiria. Miaka 63 imepita, mzee ana themanini na kitu, anakaa na kijana wa chuo anayejua kilugha chake anamsimulia maji ya Kinjikitile. Hakuna mzungu ambaye angeweza kuyapata yale peke yake, na Iliffe alilijua hilo, ndo maana waliofanya kazi ni wanafunzi, na alikuwa na mwenzake Gilbert Gwassa ambaye ni Mtanzania na ndo aliyezama Maji Maji kuliko mtu yeyote. Miaka michache baadae wale wazee wangekuwa wameshaondoka wote. Mi naona kwa hilo moja tu idara ile ilishalipa gharama zake zote, na leo hii first year anaambiwa aandike proposal anakimbilia kukopi madesa ya mwaka juzi.

Na hapo msisahau kwamba wakati wageni hao wanafundisha, Watanzania walikuwa wanaandaliwa. Isaria Kimambo alitoka Marekani na PhD yake, Northwestern University, akaja kuwa Mtanzania wa kwanza kuongoza idara, na 1969 yeye na Arnold Temu wakatoa kitabu cha historia ya Tanzania ambacho waandishi wa sura zake wamechanganyika, wenyeji kwa wageni. Ile ndo ilikuwa mipango. Mgeni anaingia na tayari anajulikana atakayekaa kwenye kiti chake.

Haya, Walter Rodney. Najua mlikuwa mnamsubiri.

Mguyana, kazaliwa Georgetown 1942, PhD kaipata London akiwa na miaka 24 tu (mimi kwa umri huo nilikuwa nahangaika na sapu, mitihani ya kurudia). Alikuja Dar mara ya kwanza 1966, akaondoka kwenda kufundisha Jamaica mwanzoni mwa 1968. Kule badala ya kukaa na wasomi wenzake akawa anaenda kukaa na Marasta na vijana wa vijiweni anawafundisha historia ya Afrika, serikali ikaona huyu hatufai, Oktoba mwaka huohuo alikuwa ametoka kwenye mkutano Canada, ndege imetua Kingston wakamkatalia kushuka. Wanafunzi wakaandamana, mji ukawaka moto. Sasa mtu wa hivyo anaenda wapi? Anarudi Dar. 1969 hadi 1974 alikuwa wetu.

Hapa kulikuwa na umoja wa wanafunzi uliitwa USARF, mwenyekiti wake kijana mmoja kutoka Ankole anaitwa Yoweri Museveni, ndiyo huyohuyo, na walikuwa na madarasa yao ya itikadi Jumapili asubuhi, wenzao wako kanisani wao wako kwa Marx na Fanon. Rodney alikuwa pamoja nao. Gazeti lao liliitwa Cheche. Desemba 1969 kukawa na semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati, Rodney akapanda Nkrumah Hall akasema kwamba uhuru wa nchi nyingi za Afrika ni bendera tu na viongozi wake lazima waondolewe kwa mapinduzi, ikachapwa kwenye gazeti la The Nationalist. Siku chache tu gazeti hilohilo ambalo ni la TANU likamjibu kwa ukali, kwamba tunakaribisha wageni lakini hatukubali nchi yetu itumike kuhubiri kupindua serikali za majirani, na mpaka leo wanaoijua ile kalamu wanasema aliyeandika ni Mwalimu mwenyewe. Ila hakufukuzwa! Hili ndo huwa linanishangaza. Alijibiwa, akaambiwa ukweli wake, akaendelea kufundisha, na 1972 akatoa kile kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kikachapwa London na Dar kwa pamoja, hapa kupitia Tanzania Publishing House ya Walter Bgoya. Kitabu kinachosomwa dunia nzima kiliandikwa na mtu anayeishi nyumba ya chuo pale mlimani. Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku lakini, kwahiyo tusijifanye kulikuwa ni peponi.

Mkewe Patricia alikuwa nesi wa afya ya jamii hapa Dar, maana tukiongelea hawa mashujaa huwa tunasahau nani alikuwa anaingiza hela ya uhakika nyumbani. 1974 waliamua kurudi kwao. Na sababu aliyoitoa Rodney mwenyewe naiona ya kweli kuliko hotuba zake zote, kwamba mgeni hata apende nchi vipi kuna kiwango cha kuielewa jamii ambacho ukizaliwa nje unakifikia kwa shida sana, na yeye kazi yake ya siasa alitaka aifanye pale ambapo anaelewa mpaka utani wa sokoni. University of Guyana walimpa uprofesa, serikali ikauzuia. 13 Juni 1980 akauliwa kwa bomu akiwa kwenye gari. Miaka 38 tu.

Wengine nawapitia haraka. Giovanni Arrighi, Mtaliano mchumi, nae ni zao la Rhodesia, walimfunga halafu wakamfukuza 1966, akaja hapa akaandika na John Saul, Mkanada wa siasa, kuhusu uchumi wa Afrika. Saul alikaa miaka saba mpaka 1972. Tamás Szentes, Mhungari, huyu alikuwa mwanauchumi kutoka kambi ya kisoshalisti. Lionel Cliffe, Mwingereza, alianzia Chuo cha Kivukoni kabla ya kupanda mlimani. Hawa ukijumlisha na Azimio la Arusha la 1967 ndo unapata ile kozi ya maendeleo ambayo kila mtu lazima aisome hata kama anasomea jiolojia, kwahiyo ukikesha na DS (Development Studies, ndo kozi yenyewe) kabla ya UE, mtihani wa mwisho, na huelewi kwanini unaisoma, sasa unajua wa kumlaumu.

Halafu 1972 Idi Amin akatuletea kundi jingine, Mahmood Mamdani aliondoka Uganda na Waasia wenzake, akapitia kambi ya wakimbizi London, 1973 yuko Dar anafundisha. Dani Nabudere na Yash Tandon, Waganda pia, nao wakawa hapa, na kijana wetu Issa Shivji, na yaliyotokea kati yao ni magomvi ya kalamu ambayo wenyewe wanayaita "the Dar debate", kuhusu tabaka na dola na ubeberu, kurasa na kurasa, mtu anamwandikia mwenzie makaratasi ishirini kumwambia hujamsoma Lenin vizuri. Mi nikisoma nacheka ila natamani. Semina zetu siku hizi mtu anapresent, anapigiwa makofi, tunaenda kwenye chai. 1979 Amin alipokuwa anaondoka Nabudere na Tandon waliingia kwenye siasa za mkutano wa Moshi, ule wa Waganda waliokuwa uhamishoni kupanga serikali ya baada ya Amin, yani lekcha leo, kesho waziri.

Na kama hilo ni dogo kuna Ernest Wamba dia Wamba. Mkongo, idara ya historia tangu mwanzo wa miaka ya 80, mtu mpole wa falsafa, alienda nyumbani 1981 Mobutu akamweka ndani. Akarudi akaendelea kufundisha miaka mingi tu. 1998 watu wanafungua redio wanasikia kiongozi wa waasi wa RCD huko mashariki ya Kongo ni Profesa Wamba wa Mlimani. Na RCD ilipogawanyika 1999 upande wake uliungwa mkono na Uganda ya nani? Ya Museveni, mwenyekiti wa USARF. Simtetei, vita ile imeua watu wengi mno na ndugu zetu wa Kisangani wanajua walichokipata majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwao. Ila ukisikia mtu anasema chuo kimekaa mbali na dunia, mpe hiyo.

Kuna wageni wa aina nyingine ambao hawafukuzwi na mtu, wanakuja na mradi. Kitivo cha uhandisi kilianza 1973 kwa msaada wa Wajerumani wa Magharibi, na walimu wao wakaja, na siku hizi tuna Taasisi ya Confucius tangu 2013 na walimu wa Kichina, na ile maktaba kubwa iliyofunguliwa 2018 ni wao. Hakuna ubaya, mainjinia wetu wamepatikana hivyohivyo. Ila mradi ukiisha mwalimu nae anapanda ndege. Na miaka ya 80 uchumi ulipobana hata wetu wenyewe walipanda, wakaenda Botswana, Lesotho, Swaziland, wakawa wao ndo walimu wa kimataifa wa wenzetu.

Mpaka hapa mmeona nimetaja wanaume karibu watupu. Basi nimalizie na Marjorie Mbilinyi. Kazaliwa Marekani, kaja hapa miaka ya 60, akachukua uraia, akaanza kufundisha elimu Mlimani 1968 na akakaa mpaka anastaafu. Yeye na Ophelia Mascarenhas walifanya kazi ya kukusanya maandishi kuhusu wanawake wa Tanzania wakati hakuna aliyeona kama ni somo, na 1993 alikuwa miongoni mwa walioanzisha TGNP, ule mtandao wa masuala ya jinsia wa pale Mabibo. Wakina Ranger na Arrighi waliondoka wakaenda kuwa maprofesa wakubwa Ulaya na Marekani na wakatutaja vizuri kwenye vitabu vyao. Mama Mbilinyi alibaki kugombana na sisi kuhusu bajeti ya serikali.