Pac-12 wamchukue UNLV

Jamani, kuishi Oregon kumenifanya nibishane kuhusu futiboli ya Kimarekani kama niliyezaliwa nayo. Jana kazini mada ilikuwa Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi iliyosambaratika 2024. Vyuo kumi vilihama, wakabaki Oregon State na Washington State peke yao. Stanford na Cal (Chuo Kikuu cha California, Berkeley) wakakimbilia ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki! Yaani binti wa voliboli anapanda ndege California mpaka Boston kwa mechi ya ligi, na bado ana mitihani. Yote hayo kufuata pesa za televisheni.

Kwa 2026 wanajenga upya: Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State, Utah State, Texas State, na Gonzaga ambao hata timu ya futiboli hawana (ni watu wa kikapu hao). Mwenzangu anataka waongeze Memphis, chuo cha kule Tennessee, mbali mashariki. Kule kote kufuata nini? Na walishaombwa 2024 wakakataa, wao na Tulane, chuo cha New Orleans. Mimi nasema UNLV, yaani Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas: wako magharibi, wanachezea uwanja wa Allegiant, na shabiki gani atahitaji kubembelezwa kwenda Las Vegas?